Mkono Unaochachusha

Tekla Kalinga hakuwahi kushika kisu cha kugemea ulanzi mpaka alipofiwa na mume. Ukiuliza kwa nini, kijijini kwao, ng'ambo ya Tosamaganga, watakuangalia kama umeuliza kwa nini jogoo hatagi. Mwanamke anabeba ulanzi, anauza ulanzi, anaosha vyombo vya ulanzi, na mume akirudi amelewa ulanzi ni yeye anayemvua viatu. Kugema tu ndiyo hagemi. Wanaume wa pale wanasema mkono wa mwanamke unachachusha, kwamba akikata chipukizi la mwanzi, maji yake yanageuka kabla hata hayajadondoka. Nani aliwahi kulijaribu jambo hilo na lini, hakuna ajuaye, wala hakuna aliyeona haja ya kujua.

Dastan, mumewe, alimwachia nyumba ya tofali za kuchoma, binti mmoja aliyeolewa Soweto kule Mbeya, miti michache ya matunda damu, na kichaka cha mianzi nyuma ya nyumba. Hicho kichaka ndicho kilicholeta maneno. Dastan alikipanda kwa mikono yake, na kila mvua zikianza alikuwa anaamka nacho na kulala nacho. Alikata ncha za machipukizi, akaning'iniza chini yake vile vikombe vya mwanzi wanavyoviita mbeta, kisha asubuhi na jioni alipita na kisu akichonga utando mwembamba kabisa, ili kidonda kisizibe na ulanzi uendelee kudondoka. Yule bwana alikuwa mvivu wa mengi, lakini kwa mianzi yake hakuwa mvivu.

Sasa ukoo wa akina Kalinga una desturi yake. Mianzi iliyokaa msimu mzima bila kugemwa inahesabiwa imetupwa, na ndugu yeyote wa ukoo anaweza kuichukua ikawa yake. Desturi hiyo haikutungwa kwa ajili ya wajane, lakini mashemeji inawafaa sana. Jailos, mdogo wake Dastan, aliijua vizuri. Matanga yalikuwa hayajapoa alipokuja, akavuta kigoda, akakaa karibu na Tekla na kusema kwa sauti ya huruma:

"Shemeji, mwaka huu usijisumbue na ile mianzi. Iache ipumzike. Mwakani mimi nitaiangalia."

"Haijaniambia kama imechoka," Tekla akamjibu. "Nitatafuta kijana wa kunigemea."

Jailos akasema sawa, atafute. Tekla akawazungukia vijana wote wanaojua kushika kisu. Wa kwanza mgongo ulikuwa unamsumbua, wa pili alikuwa na safari ya Makambako, na wa tatu akamwambia ukweli huku akiangalia vidole vya miguu yake: mzee Jailos ameshapita huku kabla yako, mama.

Tekla alirudi nyumbani akiwa na hasira mpaka masikio yanamwaka. Hakulia. Alikwisha kulia kwenye msiba, na alijua kulilia mianzi mbele ya Jailos ni kumpelekea zawadi. Alipanda juu ya kiti, akachomoa kisu cha Dastan kwenye kenchi ya paa, akakinoa, akavaa lile koti la mvua la marehemu lililomfika magotini, na kuingia kwenye mianzi mchana kweupe ili apitaye njiani amwone. Wapitaji walimwona. Mmoja alisimama kabisa, mdomo wazi, na Tekla akamsalimia "kamwene" kama vile anapalilia mahindi.

Siku za mwanzo aliharibu. Alichonga kwa nguvu mno na machipukizi mengine yakakauka, mengine akayakata mshazari maji yakadondokea nje ya mbeta. Lakini alimtazama Dastan miaka yote ya ndoa, na macho yake yalikuwa yamehifadhi zaidi ya alivyodhani. Haukupita muda akaijua ile sauti ya kisu kinapopita sawasawa, sauti ndogo kama ya kumenya kiazi. Mbeta zikaanza kujaa. Asubuhi alionja mtogwa, ule ulanzi mbichi mtamu ambao hata watoto hunywa, na ulikuwa mtamu kama wa mumewe.

Alijitwisha ndoo, akaenda kilabuni. Wanaume walikuwa wamejipanga kwenye mabenchi, na Jailos alikuwa katikati yao. Mwenye kilabu akainusa ndoo kwa mbali, akasema haya ni maji ya mwanamke, wateja wake hawatayanywa.

Tekla akachota kikombe, akakinywa chote pale pale mbele yao, akajifuta mdomo kwa kiganja. "Nimekunywa mimi, na sijaanguka," alisema. Hakuna aliyenyoosha kikombe. Akajitwika ndoo yake, akarudi nayo nyumbani.

Kesho yake alikwenda tena, na keshokutwa yake. Ulanzi ambao haukununuliwa leo kesho unakuwa mkali, na siku zikizidi unachacha kabisa, hata ukigemwa na katekista. Lakini Jailos alichovya kidole kwenye ndoo ya juzi aliyorudi nayo, akakunja uso na kuwaonyesha wenzake. "Mnaona? Tulisema. Umechacha." Wakatikisa vichwa kwa masikitiko makubwa, wakakubaliana kwamba wazee walikuwa na akili.

Mwingine angeacha. Tekla aliendelea kugema asubuhi na jioni, kwa kuwa desturi ilisema mianzi igemwe, haikusema nani anywe. Ulanzi aliumimina kwenye pipa la plastiki kwenye kona ya jiko, ukakaa pale ukichacha, na nyumba nzima ikawa inanuka kilabu. Wapita njia walisema mjane wa Dastan amechanganyikiwa.

Shida ilikuwa kula. Alichokuwa nacho kingi wakati ule ni matunda damu, maana miti ilikuwa imezaa mpaka matawi yanainama. Akawa anayapeleka Ipogolo, kule barabarani, anayapanga kwenye visado na kuwauzia abiria wa mabasi ya Mbeya. Yaliyobondeka hayakuwa na mnunuzi. Kando yake alikaa Batuli, mama mmoja mtu mzima ambaye babu zake walitoka pwani, anauza karafuu, mdalasini, tangawizi na pilipili kwenye vifuko. Ng'ambo kidogo, mbali na Batuli kadiri heshima ilivyotaka, Silvester alikuwa anachoma kitimoto, wateja wake wakubwa madereva wa malori.

Silvester alikuwa mtu wa kulalamika. Mwaka ule alilalamikia nyanya. Mvua zilikuwa zimeziua shambani, pilipili ya kutengeneza hawezi kuipika bila nyanya, na madereva wanataka kitu cha kuchovyea nyama. "Mama Jackline," alimwambia Tekla siku moja, akiangalia kisado cha matunda yaliyobondeka, "hivi hayo mekundu hayawezi kuwa nyanya?"

"Nyanya hayawezi," Tekla alisema. "Lakini acha nikajaribu."

Alijaribu jioni ile ile. Aliyachemsha matunda mpaka maganda yakapasuka, akayaponda kwa mwiko, akayapitisha kwenye chekecheke ili kokwa na maganda yabaki. Kitunguu maji, kitunguu saumu na tangawizi aliviponda kwenye kinu, akavikaanga kwa mafuta kidogo, akamimina ule uji mwekundu juu yake na kutia sukari na pilipili kichaa. Kesho yake akampelekea Batuli kwenye kikombe. Batuli alionja, akatikisa kichwa.

"Shoga, hii ni jamu," alisema. "Tamu imekuja peke yake, na pilipili imekuja peke yake, hawajasalimiana. Achari bila siki haiendi."

"Siki ni nini hasa?"

"Si ni kitu kilichochacha mpaka kikakoma kuchacha."

Tekla akaanza kucheka. Alicheka mpaka Batuli akamuuliza kama ni mzima. Alikuwa anaona lile pipa kwenye kona ya jiko lake, limejaa mpaka mdomoni.

Alipofika nyumbani alifanya kazi kwa haraka ya mtu aliyechelewa. Sukari ya dukani aliiacha. Alichukua mtogwa wa asubuhi ile, mtamu, akauweka kwenye sufuria pana juu ya mafiga na kuuchemsha taratibu mpaka ukanywea, ukawa mzito na wa kahawia, unavutika kwenye mwiko. Matunda akayapika kama mwanzo, akayachanganya na ule utamu, kisha akafunua pipa, akachota ulanzi mkongwe uliochacha kabisa na kuumimina ndani. Mvuke ukampiga puani, macho yakamtoka machozi. Akatia chumvi, mdalasini, karafuu, pilipili kwa mkono usio na huruma, akakaa kwenye kigoda anakoroga. Rojo likaanza kuruka matone na kumchoma mikono, na moshi wa kuni ukaliingia. Akaonja. Utamu ulitangulia, ukali wa siki ukafuata, na pilipili ikaja nyuma polepole na kukaa. Vyote vitatu vilikuwa vimesalimiana, na vile viwili vya kwanza vilitoka kwenye kichaka kimoja.

"Haya, Dastan," alisema peke yake jikoni. "Waambie mkono wangu unachachusha."

Batuli safari hii hakuonja. "Kuna ulanzi humu?" aliuliza, na Tekla akamwambia upo, sikufichi. "Basi sitii mdomoni. Lete nisikie harufu." Akafumba macho, akavuta pumzi juu ya kikombe kwa muda mrefu. "Punguza karafuu, zinapiga kelele. Ongeza tangawizi. Na umeitoa motoni mapema, ina haraka." Tekla alifuata kila neno, na kila neno lilikuwa sahihi. Tangu siku hiyo hakuna chungu kilichokwenda kwa Silvester bila kupita kwanza kwenye pua ya Batuli, naye hakupata kuonja hata tone.

Silvester naye aliharibu mara ya kwanza. Alilipaka rojo kwenye nyama mbichi, akaiweka motoni, na ule utamu ukaungua ukawa mweusi kabla nyama haijaiva. Alimlaumu Tekla, kama kawaida yake. Tekla akamnyang'anya ile fimbo ya kupakia, iliyofungwa majani ya kitunguu nchani, akasubiri nyama iive hadi mafuta yaanze kulia kwenye makaa, ndipo akaipaka mara moja, akaigeuza, akaipaka tena na kuitoa. Ilitoka inang'aa. Dereva mmoja wa lori alikula akitokwa na jasho, akaomba nyingine, akaomba na chupa ya kuondoka nayo. Chupa ile ilishuka Mbeya, na haikupita wiki Jackline akapiga simu kutoka Soweto.

"Mama, kuna mchoma nyama hapa mtaani anauliza hiyo pilipili ya Iringa inatoka kwa nani. Nimwambie nini?"

"Mwambie inatoka kwa mama yako."

Kwa hiyo maisha yakaanza kusimama. Matunda damu yalipokwisha alitumia mapera na pasheni, ladha ikabadilika kidogo, Batuli akanung'unika, wateja wakala. Lakini kila Tekla alipokuwa anapita na ndoo zake, mbele ya kilabu, alimwona Jailos anatabasamu. Lile tabasamu alilielewa. Rojo si hoja. Hoja ni mianzi, na mianzi bado ilikuwa haijaamuliwa na ukoo. Bila ile mianzi angerudi kwenye sukari ya dukani na siki ya chupa, na lile lisingekuwa rojo lake. Zaidi ya hapo, ingekuwa Jailos ameshinda, na hilo Tekla hakuwa tayari kuliona akiwa hai.

Kikao cha ukoo kiliitishwa Pasaka, watu wakiwa wamerudi nyumbani kwa sikukuu na Kwaresima imewaacha na hamu ya nyama. Jailos alitaka kifanyike uani kwa Tekla, mianzi ionekane. Tekla akasema karibuni. Akachinjisha mbuzi, akachoma paja na mbavu kwa mkono wake, na Mzee Aroni, baba mkubwa wa marehemu na mkubwa wa ukoo, alipokaa na wengine wakakaa, akaweka mbele yao mabakuli mawili.

"Hili la kwanza ni chumvi na ndimu," alisema. "La pili ni rojo langu. Ndani yake mna ulanzi wa mianzi hiyo hapo nyuma, nimeugema mimi mwenyewe. Sitaki mtu aseme baadaye hakuambiwa. Asiyetaka, chumvi ipo."

Wanaume wakaangaliana. Jailos akachukua chumvi, akahakikisha kila mtu amemwona. Wengine mikono ilisita hewani. Mzee Aroni, ambaye meno yake yalikuwa yamebaki machache na nyama kavu ilikuwa inamtesa, akachovya mnofu wake kwenye rojo, akautia mdomoni na kuanza kutafuna. Walimsubiri aseme neno. Alichovya tena. Basi ile mikono iliyokuwa hewani ikashuka yote kwenye bakuli la pili, na likafutwa mpaka likang'aa.

Walipokwisha kunawa Jailos alisimama. Lazima tumpe haki yake, alikuwa amejiandaa.

"Wazee wangu, mimi sina ugomvi na shemeji," alisema. "Mimi naongelea desturi. Mianzi inagemwa ili watu wanywe. Msimu huu wote, nani hapa amekunywa ulanzi wa kichaka hiki? Anyooshe mkono. Mnaona, hakuna. Alichofanya shemeji ni kuchezea machipukizi na kupika mboga. Hiyo mianzi haijagemwa."

Kukawa na mguno wa kukubali hapa na pale, hata kwa watu ambao vidole vyao bado vilinukia tangawizi. Maneno ya Jailos yalikuwa yamekaa vizuri, na Tekla alijua watu wa kikao hupenda maneno yaliyokaa vizuri.

"Una la kujibu, mkwe?" Mzee Aroni aliuliza.

"Ninalo, baba. Vijana wa kugema waliambiwa wasije kwangu, na aliyewaambia amesimama hapo. Nikagema mwenyewe. Nikaupeleka kilabuni, mkakataa kunywa, na aliyewakataza amesimama hapo hapo. Sasa anasema haukunywewa. Mimi sikuwafunga midomo." Aliangalia jua, akaona limeelekea kwenye vilima. "Mtaamua mnavyoona. Lakini saa ya kugema imefika, na nikichelewa vidonda vitaziba. Mkimaliza mtanikuta kwenye mianzi. Na niseme hili kabisa lisije likawashangaza: mkiamua vingine, kesho asubuhi mtanikuta huko huko."

Akaingia ndani, akatoka na kisu na lile koti refu, akawapita katikati yao. Jailos alisogeza mguu kumpisha kabla hajajua kwamba anampisha.

Kwenye mianzi alipitisha kidole gumba kwenye makali ya kisu. Aliogopa, hakuna haja ya kusema hakuogopa. Kisha akachonga chipukizi la kwanza, la pili, akaisikia ile sauti ndogo ya kisu na moyo ukarudi mahali pake. Alikuwa anateremsha mbeta iliyojaa aliposikia majani makavu yakikanyagwa nyuma yake. Ni Mzee Aroni, na fimbo yake, na nyuma yake kikao kizima kimejaa kwenye kijia, Jailos akiwa wa mwisho.

"Huo ni wa leo?" mzee aliuliza.

"Tangu asubuhi, baba."

"Nipe."

Tekla alimtazama usoni ajue kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Akachukua kikombe kilichoning'inia kwenye mwanzi, akamimina kutoka kwenye mbeta, akampa kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Mzee alikunywa amesimama, polepole, koo lake likipanda na kushuka mbele ya watu wote. Alipomaliza alikaa nacho kikombe mkononi, akageuka kumtafuta Jailos kwa macho.

"Haujachacha," alisema. "Na mimi nimekunywa, na msimu haujaisha. Kwa hiyo mianzi imegemwa. Nani ana neno?"

Jailos alirudi nyuma hatua moja. Wengine walikuwa wameanza kusogea mbele na kukodolea macho zile mbeta zilizojaa, maana mbuzi na pilipili vilikuwa vimewatia kiu, na kilabuni ulanzi wa mwisho wa msimu ulikuwa umeadimika. Yule mwenye kilabu, naye ni wa ukoo, alikuwa mbele ya wote.

Mzee Aroni akanyoosha tena kikombe. "Niongeze, mkwe. Na hawa nao uwape."

Tekla alimmiminia mzee nusu, akaifunika mbeta kwa kiganja.

"Nusu inatosha, baba," alisema. "Hao wengine waende kilabuni. Huu uliobaki ni wa kuchachusha."